Nukta Nyeupe Kiunoni

Mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, aliingia chumba changu cha eksirei pale Geita bila kubisha hodi, akimkokota mchimbaji wake kwa ukosi wa shati.

"Mpige tumbo lote, mtaalamu. Huyu kameza dhahabu yangu."

Mchimbaji alikuwa amejikunja, mikono tumboni. Hata hivyo alinisalimu: "Shikamoo." Niliitikia, kisha nikamgeukia bosi wake.

"Hapa hatupimi wizi. Toka."

"Na nisipotoka?"

Hakutoka. Alisimama mlangoni, akijaza nafasi yote.

Daktari alikuwa ameagiza picha mbili, ya kifua na ya tumbo, kwa sababu tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilimwomba mgonjwa avue hirizi ya kiunoni, kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Alikataa. Haijatoka mwilini tangu aondoke kwao Samuye, alisema. Nilipiga hivyo hivyo. Hali yake haikuruhusu mabishano.

Picha ya kifua ilionyesha ukanda mweusi wa hewa chini ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kupiga picha nilisomea. Kuzisoma nilijifundisha mwenyewe, na hiyo sikuhitaji kuitazama mara mbili. Utumbo au mfuko wa chakula ulikuwa umetoboka. Picha ya tumbo ilikuwa na nukta nyeupe, ndogo, kando ya uti wa mgongo.

"Hiyo hapo!" Bosi aliruka. "Mpasueni! Mkiikuta, yangu. Mkiikosa, mshoneni."

Kwa maneno hayo alikaribia kumuua. Daktari alipoleta fomu ya ridhaa ya upasuaji, mgonjwa alificha kidole gumba kiganjani.

"Nalema," alisema kwa Kisukuma, kisha akarudia: "Nimekataa. Mmenunuliwa ninyi."

Sipendi kumwongezea mtu mionzi. Lakini bila upasuaji angekufa, na maneno yangu hakuyaamini tena. Nilimsogelea sikioni.

"Nipe hirizi niishike mimi, si yeye. Nikupige picha tena, uone mwenyewe."

Alinitazama kwa chuki, kisha akaifungua. Picha mpya haikuwa na nukta. Nilimwonyesha zote mbili, halafu ule ukanda mweusi.

"Hakuna anayetafuta dhahabu. Hii hewa imetoka kwenye tundu. Ndiyo itakayokuua."

Alitoa kidole gumba.

"Basi imo kwenye hirizi," bosi alisema, mkono mbele. "Lete."

"Ya mgonjwa."

"Nitakutafuta huko mtaani kwako Kalangalala, nyumba kwa nyumba."

"Njoo."

Wakati wa upasuaji tulikaa kwenye korido, bosi benchi la kule, mimi la huku, hirizi ndani ya mfuko wa koti langu. Daktari alipotoka alisema vidonda vya tumbo vilitoboa mfuko wa chakula, tundu limezibwa, mgonjwa anapumua vizuri. Bosi aliuliza jambo moja tu: "Na dhahabu?" Daktari alimpita kama anavyopita ndoo ya maji machafu.

Mpaka leo sijui kilichokuwa ndani ya ile ngozi. Mgonjwa alipozinduka nilimrudishia, nikamuuliza anajisikiaje. Alipitisha kidole kwenye uzi mweusi, mshono baada ya mshono, mpaka alipofika mwisho. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Kidogo afadhali."