Unga wa Kikanda na Zulia la Maua

Jana mke wangu aliniwekea karatasi na kalamu mezani. "Bon, chagua," alisema. "Mama akuye juillet ao décembre? Juillet kuko bafête, décembre kuko marché ya Noël. Wewe njo unajua huu muji."

Mama mkwe wangu anakuja Brussels kutoka Lubumbashi kwa mara ya kwanza, ama Julai kwa sherehe ama Desemba kwa soko la Krismasi, na mimi niliyekulia hapa nimepewa kazi ya kupanga aone nini na lini. Nikaandika: gwaride la Julai. Gurudumu kubwa la kubembeza watu karibu na stesheni. Zulia la maua, Agosti. Kufika hapo nikaweka kalamu chini, maana orodha hiyo nilishawahi kuiona. Ilibandikwa kwenye friji yetu nilipokuwa na miaka tisa, kwa mwandiko wa baba.

Nikuambie wazi, rafiki yangu: nazichukia sherehe za mji huu. Zote, pamoja na tarumbeta zake.

Tulikaa mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo lazima ulipite kwenda bafuni. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari. Mama alikuwa hajamwona mama yake tangu aondoke Lubumbashi nikiwa mgongoni, na alikuwa na hamu moja tu, aliyoisema kila alipoosha vyombo: akae naye jikoni siku nzima, bibi amfundishe kupika kikanda. Kama hukijui, ni mizizi ya porini iliyosagwa, ikapikwa na unga wa karanga na pilipili mpaka igande, ikakatwa vipande kama mkate. Mama alijaribu mara mbili peke yake. Mara zote mbili ulitoka uji.

Bibi akaja na unga wake sandukuni, umefungwa kwa vitenge viwili. Chumba kizima kikanuka karanga na moshi wa makaa. Mama aliuweka kabatini, akasimama kuutazama huku anatabasamu peke yake. "Kesho tutapika," alisema.

Sasa usisahau ukwe wetu ulivyo. Mwanamume hali meza moja na mama mkwe wake. Hamtazami machoni. Kutoka bafuni na taulo kiunoni wakati mama mkwe anachambua mboga jikoni, heri afe. Ni heshima, wala siicheki. Penye nyumba yenye ua haisumbui mtu. Kwenye vyumba vyetu viwili ilikuwa kifungo. Na baba, kwa akili zake timamu, alikuwa amepanga bibi aje mwezi ambao kiwanda kinafunga kwa likizo, eti kwa sababu ndio mwezi wa sherehe. Angemleta Februari, yeye angekuwa kiwandani tangu alfajiri na jiko lingebaki la wanawake wale wawili. Lakini Februari haina maua.

Basi kila asubuhi, chai haijapoa, baba alisimama mlangoni ametazama ukuta, akaniita mimi. Kusema na bibi moja kwa moja hakuweza. "Ambia nkambo avae viatu. Leo kuko défilé." Nkambo ndiye bibi kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na défilé ni gwaride. Nilirudia maneno, bibi akavaa viatu. Mama aliangalia kabati, naye akavaa vyake.

Tuliona vifaru vikipita barabarani, bibi ameziba masikio. Tuliona gurudumu, tukanusa mafuta ya kukaangia, tukasimama mbele ya sufuria la konokono ambalo bibi alilitazama kana kwamba tumemtukana. Tuliona watu wamebeba mti mzima mjini kwa ngoma, wakaupanda katikati ya barabara. "Na njo wataula?" bibi aliuliza. Jumapili tulikwenda sokoni Flagey. Baba alitangulia hatua kumi, hageuki nyuma. Nje aliweza kupumua, ndani hakuweza, hiyo ndiyo siri yote ya ukarimu wake. Majirani walimsifu kwamba hawajaona mkwe wa namna hii, naye akazimeza sifa zile zote. Miguu ya bibi ilivimba. Jioni mama aliikanda kwa maji ya chumvi, na kabla hajamaliza bibi alikuwa amelala kwenye kiti. "Kesho," mama alisema, sauti ikipungua kila siku.

Zulia la maua lilikuwa la mwisho, siku moja kabla ya ndege. Asubuhi hiyo mama alikataa viatu. "Leo tubakie. Leo tu. Niko nataka kupika naye."

"Mais maua iko après deux ans!" baba alisema kwa ukuta, maana zulia hutandikwa kila baada ya miaka miwili. "Ataiona tena lini?"

Jiko letu angeliona tena lini, hakuna aliyeuliza. Tukaenda. Uwanja mzima wa katikati ya mji ulijaa maua yaliyokatwa vichwa na kupangwa chini, ambayo siku chache baadaye yangefagiliwa. Watu walipiga picha. Bibi alitazama kidogo, kisha akanishika bega.

"Ambia baba yako. Muji yote nimeiona. Nyumba ya mutoto yangu tu njo siyaiona."

Nilikwenda hatua zile kumi. Baba alikuwa anatabasamu, mikono kiunoni kama mwenye maua. Nikaogopa. "Nkambo anasema merci," nikamwambia. "Maua iko mazuri sana."

Bibi hakurudi tena. Alifariki kabla zulia lingine halijatandikwa. Unga ulikaa kabatini mpaka wadudu wakauingia, na mama akautupa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Mpaka tunamzika mama, kikanda hakujua kukipika. Kiwanda kimefungwa, ghorofa ile wanakaa wengine, na katika familia yetu hakuna tena mkono unaojua kiasi cha maji. Maua bado yanatandikwa, usijali.

Orodha yangu nimeichana. "Aje novembre," nimemwambia mke wangu. "Hakuna kitu, mvua tu. Mimi nitalala kwa tonton, Molenbeek. Jiko ni yenu." Kabla sijampigia mjomba huyo, yeye amekwenda kumpigia mama yake kuhusu unga.

Mchana baba amenipigia. Amezeeka, habari zinamfikia haraka. "Novembre? Mulete août, aone maua! Nkambo yako alifurahia sana, siye? Wewe mwenyewe njo uliniletea neno yake."

Miaka yote hiyo amelitunza neno langu la uongo.

"Papa," nimemwomba akae, "ikala kwanza. Nkambo alinitumaka kwako, na ile neno siyaifikisha."