Kiti cha Mbele Kimekwama

Heshmat Golzari, karani mstaafu wa idara ya maji mjini Hamadan, alikuwa mkweli kwa kiwango cha kuchosha. Ukimuuliza kama mchuzi umezidi chumvi, alikujibu. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, na aliusema bila kupepesa macho: kila aliyepanda gari lake aliambiwa akae nyuma, kwa sababu kiti cha mbele kimekwama.

Hakikuwa kimekwama. Kilisukumwa mbele mpaka mwisho siku ile Mahlagha, mkewe, alipokikalia kwa mara ya kwanza, maana alikuwa na miguu mifupi na hakupenda nyayo zining'inie kama za mtoto kwa kinyozi. Tangu siku hiyo hakikurudi nyuma. Mahlagha alishafariki; jozi, zile kokwa za bustani za Hamadan, zilikuwa zimevunwa mara nne tangu azikwe. Kiti kilibaki palepale, goti kwa goti na kabati dogo la mbele, kikimsubiri mtu mfupi.

Gari lenyewe lilikuwa Peykani, gari lililoundwa Iran, la kijani cha pistachio, la miaka ile ambayo nusu ya nchi ilikuwa nalo na nusu nyingine ilikuwa ikilisubiri. Siku lilipofika nyumbani mama mkwe aliweka yai chini ya kila gurudumu, Heshmat akasogea mbele taratibu, mayai yakapasuka na jicho baya likapasuka nayo, angalau kwa hesabu ya mama mkwe. Harufu ilidumu mtaani kwa wiki nzima. Baada ya hapo gari liliwabeba kila Nouruzi, mwaka mpya wa Kiirani, hadi bahari ya kaskazini: Mahlagha mbele, watoto wawili na mama mkwe nyuma, zulia na birika juu ya paa, tikiti maji miguuni pa mama mkwe, ambaye alilalamika juu ya tikiti hilo kutoka Hamadan hadi ufukweni na kisha akala nusu yake. Mtoto mdogo alilala kwenye ubao wa dirisha la nyuma, karibu na boksi la karatasi laini lililovishwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeona hatari yoyote. Kupanda milima, magari yote yaliegeshwa kando na boneti wazi, na familia nzima nzima zikasimama zikipepea injini kwa magazeti. Yote yalifanana. Njiani Qazvin, kwenye kituo cha mafuta, mama mkwe alitoka chooni, akaingia gari la kijani la watu wengine, akaanza kumgombeza dereva kwa kuchelewa. Dereva yule alinyamaza kwa unyenyekevu mpaka mwisho. Alisema baadaye kwamba alidhani ni shangazi wa mkewe.

Na njia nzima Mahlagha alimenya matango, akayatia chumvi, akamwekea Heshmat kipande mdomoni bila kumuuliza kama anataka. Hakuwahi kumuuliza. Alijua.

Hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Kwao Heshmat, mtu akisifu kitu chako, unamwambia: hakina thamani mbele yako, ni chako, chukua. Naye anasema hapana, kikae kwa mwenyewe. Ni kama kumwambia mpita njia "karibu chakula" huku umeshika tonge la mwisho. Anayekaribishwa naye ana kazi yake, nayo ni kusema ameshiba. Adabu hiyo Heshmat hakuihesabu kuwa uongo, na Hamadan nzima hakuna anayeihesabu hivyo. Lakini inahitaji watu wawili wanaojua mchezo, na ikiwezekana wa tatu wa kuamua. Wiki ya kwanza ya gari, ofisa mmoja wa jirani alilizunguka, akagonga mlango wake kwa kidole, akasema, "Mashallah, Bwana Heshmat, gari kama bibi harusi."

"Ni lako, ofisa," alisema Heshmat. "Wallahi, chukua."

Ofisa akachelewa kukataa. Alilitazama gari kwa namna isiyo nzuri. Ndipo sauti ya Mahlagha ikatoka dirishani jikoni: "Lichukue, ofisa, lakini linakuja na Heshmat. Anakula sana mchana, na akilala anakoroma kama msumeno wa mbao. Nikufungie na nguo zake?"

Ofisa akacheka, akasema likae kwa mwenyewe. Maisha yote ya ndoa yao yalikwenda hivyo: Heshmat akitoa, Mahlagha akirudisha. Alitoa saa, akatoa zulia, mara moja akatoa likizo yake yote ya mwaka kwa mwenzake wa ofisini, na kila mara sauti ikatoka jikoni.

Sasa alikuwa na Alhamisi tu. Alasiri ya Alhamisi alilifuta gari vumbi, akaendesha hadi makaburini, akamwagia kaburi maji ya waridi, kisha akapanda hadi chini ya mlima Alvand, akazima injini, akamenya tango. Kipande kimoja alikula. Kingine alikiweka juu ya kitambaa cha kiti cha mbele, na baadaye akakila hicho pia, kwa sababu hakuwa mtu wa kupoteza chakula.

Vuli hiyo akaja Keyhan.

Keyhan alikuwa mtoto wa Rahmat, mdogo wake Heshmat, aliyehamia Ujerumani na kuzikwa huko. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mrefu, mpole, mwenye lugha aliyofunzwa mezani jikoni: maneno yote alikuwa nayo, ila hakujua ni yapi hayasemwi kwa maana yake. Heshmat alimpeleka kuona nyumba alikozaliwa baba yake, shule yake, bustani walikoiba jozi. Keyhan alikaa nyuma kama waziri.

"Ami, kiti hiki cha mbele hakitengenezeki?"

"Kimekwama, mwanangu. Mafundi wameshindwa."

Waliposimama kando ya bustani, Keyhan alishuka akaegemea ubavu wa gari, mkono mmoja juu ya paa. Alitoa picha kwenye pochi: Rahmat kijana, masharubu, suruali pana chini, ameegemea gari hilohilo vilevile.

"Baba alikufa hii ikiwa kando ya kitanda," alisema. "Aliniambia, hapo nilikuwa na furaha. Ami, hili ndilo gari zuri kuliko yote niliyoyaona."

"Halina thamani mbele yako," alisema Heshmat. Mdomo ulijiendea wenyewe, kama unavyosema "pole" mtu akijikwaa. "Ni lako."

Pakawa kimya. Ni kimya ambacho zamani kilikuwa na mtu ndani yake. Heshmat alijikuta amegeuka kidogo, akitega sikio upande wa mashamba, ambako hakukuwa na jiko lolote.

"Langu?" alisema Keyhan. Macho yakamjaa machozi. "Ami, sijui niseme nini." Kisha akajua: "Asante." Akamkumbatia mzee kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka.

Kurudi mjini Keyhan alieleza mipango. Gari angeliweka Tehran, kwenye banda la mama yake mkubwa, na kila mwaka angekuja kuliendesha. Heshmat alisema ni wazo zuri. Alisema hivyo mara kadhaa, na kila mara lilizidi kuwa zuri.

Asubuhi iliyofuata Keyhan alikwenda kununua mkate wa sangak, na kwenye foleni akakutana na Bi Eshrat, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyejua mambo ya mtaa kabla wenyewe hawajayatenda. Keyhan akamwambia habari yake njema. Bi Eshrat akashusha mkate wake wa moto juu ya meza.

"Kaka yangu, ukakubali?"

"Alinipa, Bibi."

"Alikupa! Na mimi jana nilimwambia muuza nyama roho yangu ni fidia yake. Umemwona amekuja kuichukua?" Akamvuta pembeni. "Rudi ukamkatalie. Mara tatu. Mtu wa adabu akikataliwa mara tatu, hapo ndipo anachukua chake. Na akiendelea kukulazimisha hata baada ya tatu, basi alikuwa anamaanisha, na mimi ndiye mbea."

Keyhan alirudi mbio mpaka mkate ukapoa. Heshmat alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akitazama uani, kijani cha pistachio kikionekana nusu kwenye lango.

"Ami, nikuulize Kijerumani? Yaani moja kwa moja."

"Uliza."

"Gari. Ulinipa, au ulinikaribisha tu?"

Miaka sabini na ushee Heshmat hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Jibu lilikuwepo, fupi, kwenye ncha ya ulimi. Lakini ulimi huo ulikuwa umelelewa na mama yake, si na yeye.

"Unanivunjia heshima, mwanangu. Mtu akishatoa, anarudishaje mkono?"

"Basi mimi silitaki. Likae kwa mwenyewe." Alilisema kama mtu anayekariri namba ya simu. Hiyo moja.

"Kwa roho ya baba yako, lichukue."

"Na Alhamisi? Utakwenda na nini kwa Mama Mahlagha?" Hiyo ya pili, na hii hakufundishwa na Bi Eshrat.

Heshmat alitazama mikono yake. "Mabasi yapo," alisema. "Siku hizi yana viyoyozi."

"Ami." Keyhan alipiga magoti mbele ya kiti. "Mara ya mwisho. Sema tu, Keyhan, liache. Maneno mawili. Sitakasirika."

Mzee alitazama mlango wa jikoni. Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Angeweza kusubiri mpaka jioni. Hakuna ambaye angetokea na kusema linakuja na Heshmat, anakoroma.

"Nife mimi kama hulichukui," alisema.

Keyhan akambusu mkono. Aliufuata mtihani wote, na majibu yalikuwa wazi.

Bi Eshrat alikuja jioni hiyo na sahani ya halua aliyoitumia kama kibali cha kuingia.

"Bwana Heshmat, hapana ina ubaya gani?"

"Nilimsubiri yeye aseme."

"Amesema mara tatu!"

"Nami nikasema mara tatu."

"Hongera, basi," alisema Bi Eshrat, akiweka sahani chini kwa kishindo. "Adabu yako itakupeleka makaburini kwa basi." Akafika mlangoni, akasimama, akasema kwa sauti nyingine: "Angelikuwepo yule wa jikoni, ungelikuwa nalo."

"Najua," alisema Heshmat.

Siku ya safari Keyhan alimwomba amsindikize mpaka mzunguko wa kutokea mjini. Keyhan akashika usukani, akamfungulia ami yake mlango wa nyuma. Heshmat akaupita, akafungua wa mbele.

"Si kimekwama?"

"Nitajikunja."

Alijikunja. Magoti yalimfika kifuani, na hakugusa kishikio cha chini cha kukirudisha kiti nyuma. Katika miaka yote ya gari lile hakuwahi kukaa hapo. Kulikuwa na maganda ya mbegu za maboga kwenye kisahani cha majivu. Juu, kwenye kizuia jua, kulikuwa na kioo kidogo alichokibandika Mahlagha mwenyewe. Miaka yote Heshmat alidhani ni cha kujitazamia. Sasa aliinua macho, asijione. Kioo kilimwelekea dereva. Mahlagha alikuwa akimchunga asisinzie. Au akimtazama tu, maiti haulizwi. Kwa sasa ndani ya kioo kulikuwa na taya la Rahmat, likiendesha kwa uangalifu wa Kijerumani.

Kwenye mzunguko wakashuka wote wawili. Heshmat alikuwa amekuja na bakuli la maji lililofunikwa, la kumwaga nyuma ya msafiri ili arudi salama, na nusu yake ilikuwa imemmwagikia magotini.

"Kiti hicho," alisema, "usikisogeze."

"Ami, si kimekwama?"

Gari la mizigo likapita likipiga honi. Heshmat alingoja lipite.

"Hakijakwama," alisema. "Lakini usikisogeze."

Keyhan alitazama kiti kilichobanwa mbele mpaka mwisho. Akatazama magoti ya mzee yaliyolowa, na miguu yake mirefu. Alifungua mdomo. Kilichopita usoni mwake kilikuwa wazi hata kwa mtu asiyeona vizuri, na Heshmat alisimama akakingoja kitamkwe, bakuli mkononi. Lakini Keyhan alikuwa amefundishwa kwamba ni mara tatu, na tatu zilikuwa zimekwisha. Akafunga mdomo, akambusu ami yake mashavuni, akaingia.

Heshmat akamwaga maji yaliyobaki nyuma ya magurudumu. Gari likaingia barabara ya Tehran, likabaki doa dogo la kijani, kisha likawa rangi ya magari mengine.

Alirudi kwa teksi. Dereva alikuwa kijana mwenye redio. Walipofika mdomo wa mtaa Heshmat akatoa nauli, na dereva akaweka mkono kifuani kama inavyotakiwa.

"Haina thamani, baba. Leo ulikuwa mgeni wangu."

Heshmat aliuacha mkono wenye nauli palepale hewani.

"Unasema kweli?"

Dereva akageuka kumtazama vizuri. "Baba," alisema, kwa haya kidogo, "ni adabu tu."

"Vizuri sana," alisema Heshmat, akimwekea nauli kiganjani. "Wewe umeweza kusema."

Akashuka na bakuli lake, akaingia mtaani akitembea kandokando ya ukuta, kama mtu anayeacha nafasi gari lipite.