Ng'ombe Mnene wa Jirani

Mwaka ule wa korona nilikuwa karani wa mifugo wa kijiji kizima, nami niko Al Nahda, Dubai, kitanda cha juu, chumba cha watu wanane. Duka nililokuwa nikililinda lilikuwa limefungwa. Nililinda vizuri mno: hata nzi hakuibiwa.

Kule nyumbani kaunti ilitangaza ruzuku. Wafugaji walioumia masoko yalipofungwa wangepewa magunia ya chakula cha ng'ombe. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, na nani wa kuijaza kama si mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti kilichogongwa mihuri mpaka maandishi hayasomeki? Nilijaza fomu hadi kidole gumba kikaota misuli.

Ya mama niliiacha mwisho. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na malisho yalikuwa yameisha. Mchinjaji alishapita mara mbili, akisimama langoni na kumtazama ng'ombe kwa huruma ya mtu anayenoa kisu. Chakula kisipopatikana, angeondoka naye.

Fomu ilitaka picha. Mama akanitumia: mbavu, pembe, mbavu tena. Mpishi mmoja wa Tanga, wa kitanda cha chini, akachungulia simu yangu.

"Kaka, huyo ni ng'ombe au baiskeli?"

Chumba kizima kikacheka. Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Sasa, asubuhi ile nilikuwa nimemjazia fomu jirani yetu, na picha ya ng'ombe wake ninayo: mnene, anang'aa, ana tumbo la arbab, bosi wa huku, aliyetoka harusini. Nikaibandika kwenye fomu ya mama. Nikabonyeza. Khalas.

Wiki chache baadaye afisa wa mifugo akafika kukagua. Mama akanipigia kwa video ili nishuhudie ushindi wetu. Afisa akatazama simu yake, akatazama zizi, akarudi kwenye simu.

"Mama, huyu wa kwenye picha yuko wapi?"

Mama akaitazama ile picha, kisha akanitazama mimi.

"Huyo ni wa Dubai," akasema. "Wangu ndiye huyu."

"Basi kuna tatizo. Wa kwenye picha ameshiba, na aliyeshiba hasaidiwi. Huyu mwenye njaa naye hana picha."

"Si unamwona hapa?"

"Mimi namwona, mama. Mfumo ndio haumwoni."

Nikapiga kelele kutoka kitandani: "Bosi, nibadilishie! Natuma nyingine sasa hivi, yalla!" Akanijibu kwa upole kwamba fomu zilifungwa jana.

Alipoondoka, mama akaisogeza simu karibu na uso.

"Maziwa ya ng'ombe huyu ndiyo yaliyokulipia hayo masomo ya jioni. Leo unamwonea haya?"

Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Waliowahi kuniona nikijificha wanahesabika, na wengi wao wamekwisha kufa.

Orodha ilipobandikwa, magunia sita yalikuwa ya mwenyekiti wa kamati ya ruzuku, ambaye mfugo wake pekee ni bata mmoja mkali anayefukuza wageni. Fomu yake sikuijaza mimi. Watu wa aina ile hawajazi fomu.

Lakini bata hali chakula cha ng'ombe. Magunia yakakaa barazani kwa mwenyekiti yakimzibia njia, mpaka mama alipomwendea na chupa ya maziwa mkononi. Wakaelewana: yeye atapelekewa maziwa kila asubuhi, mama atachukua magunia. Mchinjaji alipopita mara ya tatu, ng'ombe alikuwa anatafuna, wala hakugeuza kichwa.

Kwa hiyo sisemi ruzuku ya kaunti haikumfikia mama. Ilimfikia, ila ilipitia kwanza kwenye chai ya mwenyekiti, naye, nasikia, huitaka na maziwa mengi.