Maharage Mekundu ya Issenye

Mimi ni wakala wa forodha hapa Sirari. Mfanyabiashara analeta mzigo, mimi namtafutia namba yake kwenye kitabu cha forodha, naandaa hati, mzigo unavuka kwenda Kenya. Kwa miaka mingi mizigo yangu imekuwa hasa nafaka na mikunde mikavu. Dengu ina namba yake, mbaazi yake, choroko yake. Soya, ambayo watu wengi wanaiona ndugu wa maharage, haimo kwenye kundi hilo kabisa. Imewekwa pamoja na mbegu za mafuta. Ukikosea hapo, gari linalala mpakani na mteja hakuelewi.

Nina tabia moja ambayo wateja hawaipendi. Siandiki kitu kabla sijaingiza mkono kwenye gunia.

Msimu mmoja wa mavuno mteja wangu wa siku nyingi, mzee Mwislamu mwenye duka la mazao Mugumu, alileta lori la maharage mekundu aliyonunua Busawe na Issenye. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyunya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikapanda juu ya lori mikono ikiwa imelowa. Magunia ya mwanzo yalikuwa safi. Nilipotoa mkono kwenye gunia la nyuma, kiganja kilikuwa chekundu kana kwamba nimeshika rangi, na kilinuka dawa.

Nilishuka nikamwonyesha. "Mzee wangu, haya ni ya mbegu. Yamepakwa dawa."

Aliangalia kiganja changu, kisha akaangalia upande wa geti. "Namba si ni ile ile?"

Swali hilo lilinishtua kuliko ile rangi. Alikuwa sahihi. Kwenye kitabu cha forodha maharage makavu ni maharage makavu, hata yakiwa ya kupanda, hata yakipakwa dawa mpaka yasilike. Yanabaki mahali pale pale. Lakini ni watu wachache wanaolijua hilo, na mtu aliyepatwa na jambo ghafla hakimbilii namba. Nilianza kujiuliza alikuwa ameshapitisha mizigo mingapi ya namna ile kwangu, siku ambazo mikono yangu ilikuwa mikavu.

"Namba ni ile ile," nikamjibu. "Lakini hati zako zinasema ni chakula. Huko yanakokwenda yatapikwa."

"Tangu lini unanihoji hivi?" Hakupandisha sauti. "Kuna mtu amekutuma, mama?"

Basi tukasimama pale, kila mmoja akimpima mwenzake. Alijua kuna mfanyabiashara mwingine anayetaka soko lake upande wa pili, na alijua nimewahi kumfanyia kazi. Mimi nilimtazama usoni nikitafuta hofu, sikuiona, na hilo nalo nikalihesabu kuwa dalili mbaya.

Tuliomba beseni la maji kwa mama ntilie tukajaribu gunia baada ya gunia. Yaliyotoa rangi yalikuwa machache, yote yameshonwa kwa uzi wa bluu. Mzee aliugusa ule uzi. "Haya nilinunua kwa kijana mmoja Issenye," akasema. Nikaona amepata mtu wa kumtupia mzigo haraka mno. Labda alinisoma, maana aliongeza, "Twende ukamsikie mwenyewe."

Nilikwenda kwa sababu sikumwamini. Magunia yale yalishushwa yakafungiwa, na kesho yake tukasafiri hadi Mugumu, kisha Issenye. Njia nzima hatukuzungumza la maana.

Tulimkuta kijana yule nyumbani kwake, anatengeneza baiskeli. Alipotuona aliacha kazi, akasimama kati yetu na mlango. Ndani, mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mwanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo.

"Anaumwa nini?" nikauliza.

"Tumbo," kijana akasema. "Lakini amepata nafuu."

"Si tumbo," mama akasema kutoka ndani. "Ni sumu. Mke wake alinipa sumu kwenye chakula. Ameshafukuzwa, amerudi kwao Kemambo."

Mzee akaniangalia. Nadhani wote wawili tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja.

"Chakula gani, mama?" nikamuuliza.

"Maharage. Yeye ndiye aliyepika."

"Na mkwe wako hakula?"

"Alikula. Akatapika na yeye. Alikuwa anajifanya, ili watu wasimshuku."

Nilimgeukia kijana. Alikuwa ameshika mnyororo wa baiskeli, anaupitisha kwenye vidole bila kuutazama. Nilimuuliza yale maharage ya uzi wa bluu aliyatoa wapi. Kwanza alisema shambani. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, yamemwachia huyu rangi mkononi." Ndipo akaeleza. Kikundi chao cha wakulima kiligawiwa maharage ya mbegu, mvua ikachelewa, hakupanda. Aliona yataharibika bure. Akayaosha kwenye beseni, akayaanika kwenye turubai mpaka yakang'aa kama mengine, akayachanganya na yake akauza.

"Na mengine mlibakiza ya kula," nikasema.

"Kidogo tu. Niliyaosha vizuri."

"Wewe uliyala?"

Aliuachia mnyororo. "Siku ile nilikuwa kwenye ng'ombe. Nilikula huko huko."

Nilimtazama nikijaribu kujua kama ndipo alipotambua kuwa ni maharage yake yaliyowadhuru, au alikuwa analijua hilo siku zote, tangu mama yake aliposhika tumbo, tangu mke wake alipofunga nguo zake kwenye khanga. Uso wake haukunisaidia. Nilitaka kumuuliza mbele ya mama yake, nikaona mama hana nguvu za kusikia jibu.

Tulimsisitiza ampeleke mama zahanati na aeleze ukweli wote. Mzee akamwambia alete yaliyobaki. Kijana akatoa debe kutoka chini ya kitanda, tukayafukia nyuma ya nyumba, mbali na kisima na kuku. Ya kule Sirari mzee aliyakabidhi kwa watu wa kilimo, na mzigo uliobaki ukavuka. Tukiwa njiani kurudi alisema, bila kunitazama, "Ulidhani ni mimi."

"Ndiyo," nikasema.

"Na mimi nilidhani umetumwa." Mpaka leo tunafanya kazi pamoja, ila sasa hukaa kwenye kiti mbele yangu mpaka nimalize kupekua gunia la mwisho, na sijui kama ni heshima au ananichunga.

Miezi ilipita. Nilikuwa sokoni Mugumu nanunua choroko, mwanamke mmoja akaniuliza kama si mimi niliyekuja Issenye na mzee wa duka la mazao. Alikuwa mke wa yule kijana; jirani wa Issenye aliyekuwa pale sokoni ndiye aliyenionyesha kwake. Mumewe alikuwa amemfuata Kemambo akamrudisha. Nilimwambia nimefurahi, na nilifurahi kweli.

"Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo. Anajipikia mwenyewe. Chakula changu hagusi."

"Lakini mumeo alimweleza?"

"Alimweleza kwamba ilikuwa dawa ya mbegu." Alipanga upya mafungu ya dagaa aliyokuwa anauza. "Hakumweleza nani aliyeyaosha yale maharage. Mama anaamini ni mimi."

"Na wewe hukumwambia?"

"Atamwamini nani?"

Nikamuuliza kama anaona mumewe alijua tangu mwanzo. Alinitazama kama vile nami ningeweza kuwa nimetumwa, kisha mteja akaja, akamgeukia.