Fumua na Pateni ya Mdogo Wake

Kwenye karakana ile ya cherehani sita kila fundi alikuwa na jina la kazi, na la fundi wetu huyu lilikuwa Fumua. Nguo iliyobana, iliyopwaya, iliyokatwa na fundi aliyelewa, zote zilirundikwa kwenye meza yake kule nyuma, karibu na pasi, naye akazifumua na kuzirudishia heshima. Miaka kumi na mmoja sasa. Hakuna mteja aliyewahi kusimamishwa barabarani akaulizwa nani kamshonea, akamtaja yeye. Nguo ikirekebishwa sawasawa, hakuna anayejua kwamba iliwahi kuharibika.

Hilo asingelijali kama si mdogo wake, Kitinda, kitinda mimba wa mama yao. Fumua ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano angali anang'oka meno ya utoto. Sasa Kitinda ana chumba chake cha kushonea kwenye barabara ya lami, chenye kioo kirefu na sanamu mbili zilizovishwa magauni ya harusi. Watu wakimsifu mbele ya dada yake, Fumua hucheka na kusema, "Ile ni mikono yangu," kisha hurudi mezani akakata uzi kwa meno ilhali mkasi uko mbele yake. Tusizunguke mbuyu: alikuwa na kijicho. Alimpenda mdogo wake, na alimwonea wivu mpaka roho ikamsokota, na hayo mawili yalikaa kifua kimoja bila kugombana.

Siku moja alikwenda kumtembelea. Kitinda akaingia ndani kuchemsha chai, na dada mtu akabaki akikagua mishono ya wenyewe kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo. Ndipo alipoiona karatasi iliyobandikwa juu ya cherehani.

"Malengo yangu. Mwaka huu, magauni ya harusi ishirini. Mwaka kesho, mafundi wawili chini yangu. Kabla ya miaka arobaini, duka lenye jina langu."

Aliisoma mara mbili. Hakuumizwa na duka wala mafundi. Kilichomuuma ni kwamba Kitinda alijua anakokwenda, wakati yeye, mwenye miaka arobaini na miwili, hajawahi kuulizwa anataka nini, hata na nafsi yake. Basi akafanya kama mwanafunzi mvivu kwenye mtihani: akatoa kalamu akanakili yote matatu. Na kwa kuwa mkono ukishazoea hauulizi ruhusa, akachomoa rafuni pateni moja, mchoro wa karatasi wa kukatia kitambaa, ile ya gauni la kiuno cha kubana na sketi pana, akaitia mkobani. Kitinda alipotoka na chai, alimkuta dada yake akisifia mapazia.

Wiki ileile akamwambia bosi kwamba anaondoka, anakwenda kushona magauni ya harusi.

Bosi hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe umeshachakaa, bosi."

"Kiti chako nikimpa mtu, usije ukanililia hapa."

"Mpe," akasema Fumua.

Mteja wake wa kwanza alikuwa muuguzi mmoja aliyekuwa akiolewa, ambaye zamani Fumua alimpunguzia sare za kazi. Vipimo vyake vililingana na namba zilizoandikwa kwenye ile pateni, kana kwamba Mungu mwenyewe ameubariki wizi. Kitambaa kilinunuliwa na mama yake, kizito, cheupe, na hakikubaki zaidi ya vipande. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Alhamisi muuguzi akaja kujaribu. Zipu ikagoma. Kati ya upande mmoja na mwingine palipita vidole vinne.

"Fundi, nimenenepa?"

Fumua akampima upya. Hakuwa amenenepa. Kule karakanani pateni zote huchorwa na ziada ya mshono, ule upana wa kushonea, ndani yake. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyomfunza mdogo wake. Lakini alipoipima pateni kwa tepu aligundua kwamba Kitinda, tangu ajitegemee, alichora vipimo vya mwili tu, na ile ziada akaiongeza kwa chaki juu ya kitambaa. Fumua alikata kwenye mstari, basi kila mshono ukala upana wa gauni lenyewe. Angeuliza neno moja tu angeambiwa, ila huwezi kumuuliza mtu namna ya kutumia kitu ulichomwibia.

"Vua, mwanangu. Uje kesho alasiri," akasema kwa sauti ambayo hakuitambua.

Alipobaki peke yake alilia. Kiti chake alishapewa mtu mwingine, bibi harusi alibakiwa na siku mbili, na kibaya zaidi, hata gauni aliloliharibu halikuwa lake. Lilikuwa la Kitinda.

Ijumaa asubuhi akaanza kufumua. Akaifungua mishono ya ubavuni, akaunga vile vipande vya kitambaa kuwa mikanda mirefu, akaikunja mikunjo myembamba kama njiti za kiberiti, akaipachika toka kwapani hadi nyongani. Zipu akaing'oa, akaweka vifungo vilivyovikwa kitambaa kilekile. Saa zilipita bila yeye kumfikiria mdogo wake hata mara moja, na hilo halikuwa limetokea kwa muda mrefu.

Muuguzi akalivaa. Akakaa, akainuka, akapandisha mikono.

"Napumua," akasema.

Fumua alialikwa harusini, naye akamchukua Kitinda. Nia yake ilikuwa mbaya: alitaka aone, aumie.

Bibi harusi alipopita, Kitinda alimtazama kwa muda. "Sketi ile ni yangu," akasema polepole. "Lakini ubavuni pale, dada, umefanyaje?"

"Lilibana, nikalifungua."

"Mimi likibana nanunua kitambaa kingine. Kufungua sijawahi kuweza."

Mdomo wa Kitinda ulitabasamu huku macho yakipima. Fumua aliijua sura ile. Alikuwa akiiona kwenye kioo cha karakana miaka yote. Ilimpendeza, tusimsingizie utakatifu. Kisha ikamchoma, kwa sababu alijua inavyouma. Akatoa pateni mkobani, akamwekea mapajani.

"Nilikuibia. Na malengo yako nilinakili."

"Yote?"

"Yote. Hata lile la kabla ya miaka arobaini."

Kitinda akamgeukia. "Dada, si una arobaini na miwili?"

Fumua alicheka mpaka wageni wakageuka, na alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa umelowa.

Jumatatu alipachika kibao mlangoni kwake: FUMUA. MAGAUNI YALIYOSHINDIKANA. Wa kwanza kukifuata kibao hicho alikuwa Kitinda, na magauni matatu mkononi, asiyetaka kumtazama dada yake usoni. Fumua akayapokea moja moja, taratibu, ili aifaidi aibu ya mdogo wake.