Fundi wa Ufagio Laini

Fundi anayeosha mapaa ya vigae mtaani kwetu Garissa hubeba raba zake za soli laini ndani ya mfuko wa sukari, na huzivaa tu akifika chini ya ngazi. Kwanza huchomoa bomba linalopeleka maji ya mvua kwenye tangi, kisha hujifunga kamba kiunoni na kupanda, akikanyaga ukingo wa chini wa kila kigae, pale kinapolalia kigae kingine, kama mtu anayepita kati ya watoto waliolala. Hufagia vumbi na kinyesi cha makorongo polepole, akiwasemesha ndege wenyewe kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayeaga wageni. Mwaka huu mume wangu, Najib, alimkodia mashine ya presha ili amalize kabla ya mvua. Fundi aliitazama tu.

“Hii ni ya kuosha lori, walaal,” akamwambia kindugu. “Kwa paa itasukuma maji chini ya vigae.” Akarudia ufagio wake.

Alasiri hiyo Najib alikuwa kazini, nami nilikuwa jikoni na redio yangu. Sikusikia kitu. Fundi akaja kusimama mlangoni, nyusi zimejaa vumbi, vipande viwili vya kigae mkononi.

“Abaayo, dada yangu, nimevunja moja. Iko nyuma, juu ya chumba cha watoto.”

Nikamwambia kwamba kule nyuma hakuna ambaye angeona.

“Mvua itaona,” akasema, kisha akauliza vigae vya akiba tumeviweka wapi.