Alto Iliyopotelea Mlangoni

Gari letu la kwanza tulilinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama Mpanda. Siku ya kutukabidhi funguo hakutuonyesha injini wala tairi la akiba. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua buti. Mle ndani, mahali pa kuweka mizigo, kulikuwa na sabufa kubwa kama meza ya kulia chakula, imezungushiwa zulia jekundu.

"Hii ndiyo gari yenyewe," akasema akiipigapiga. "Hayo mengine ni ya kuibebea tu."

Nilimwamini papo hapo. Mke wangu alilitazama lile zulia kwa muda, kisha akauliza mchele wa kutoka kwao utakaa wapi.

Miezi ya mwanzo niliendesha kwa furaha ya kitoto. Nikifunga duka langu la mbegu na mbolea jioni, nilikuwa sirudi nyumbani kwa njia fupi. Nilizunguka kwanza sokoni, nikapita barabara ya stesheni, ndipo nikakunja kuelekea kwetu. Bajaji za Mpanda zina muziki, bodaboda nazo zina muziki, lakini wa kwangu ulikuwa unatetemesha vioo vya saluni. Mke wangu akipanda, kabla hata ya kufunga mlango, anapunguza sauti. Mimi nikibadilisha gia, mkono ukirudi unapita kwenye redio na kuipandisha kidogo. Tuliishi hivyo bila ugomvi.

Kisha kwaya yao ikarekodi.

Mke wangu anaimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ya parokia, na alikuwa anaimba hata kabla sijamjua. Kwa nyimbo zile walifanya mazoezi mpaka akawa anaimba akisonga ugali, anaimba akianua nguo, na mtoto wetu wa mwisho akawa anaitikia kutoka chooni. Walirekodi, wakarudi wamekauka sauti, wakasubiri. Nyimbo zilipokuwa tayari, mwalimu wa kwaya akaleta flash mkononi mwangu, kwa sababu wote walikubaliana kwamba mwenye muziki mkubwa kuliko wote ni mimi.

Jumapili baada ya misa nikasogeza gari chini ya ukuta wa kanisa, nikafungua milango yote na buti. Kwaya nzima ikazunguka, bado wamevaa sare. Nikabonyeza.

Wanaume wa besi waliruka. Mmoja alinikumbatia kwa nguvu mpaka miwani yangu ikakaa upande. "Tunasikika jamani! Tunasikika!" Soprano nao walikuwa wanatabasamu. Ila alto, waliokuwa wamesimama pamoja upande wa abiria, walikuwa kimya. Mama mmoja wa makamo, anayeuza dagaa sokoni, aliingiza kichwa ndani ya gari akatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha hereni.

"Hivi nyie," akawauliza wenzake, "siku ile sisi tulikuwepo?"

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka.

Njiani nilimwambia labda waliorekodi ndio walioharibu. Tulipofika nyumbani akachomeka flash ileile kwenye kompyuta yangu, akachukua spika za masikioni za binti yetu, akanipachika moja sikioni na nyingine akabaki nayo. Na kweli, alto walikuwepo. Walikuwa wametulia chini ya soprano, wanasikika neno kwa neno.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi waliorekodi hawana kosa. Gari ndiyo inatumeza. Kesho tunakwenda kwa fundi."

"Tunakwenda wote?"

"Wote. Wewe masikio yako yameshazoea."

Fundi alikuwa kijana mwenye kibanda karibu na stendi, maarufu kwa kufunga muziki kwenye bajaji. Alilijua gari langu kwa mlio tu. Alitoka anapangusa mikono, uso umechangamka.

"Bosi! Leo tunaongeza sabufa ya pili?"

"Tunataka kupunguza besi," mke wangu akasema kupitia dirishani.

Yule kijana alinitazama kwa huruma, kama anayetaka kunipa pole ya msiba. "Shemeji, tangu nifungue hapa hajawahi kuja mtu kuomba kupunguziwa."

Lakini alikuwa mtu wa kazi. Akaingia, akaishusha besi. Muziki ukawa kama unatoka kwa jirani, ndani ya debe. Akapandisha sauti za juu, soprano wakageuka filimbi. Akashusha tena, akapandisha za katikati, waimbaji wote wakasikika kama wana mafua. Alto hawakuonekana. Jua likapanda, kijana akajikuna kichwa, akaenda kunywa maji, akarudi akaanza upya. Mimi nilishaanza kusema tuiache ilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, anaimba sehemu yake polepole kufuatana na rekodi. Ghafla akanyamaza. Akainamia upande wa dereva. Akarudi katikati. Akainamia tena.

"Mdogo wangu, njoo usikie. Nikiegemea huku, tunakuja. Nikikaa katikati, tunapotea."

"Rudia, shemeji."

Akarudia. Fundi naye akaingia kiti cha dereva, akawa anainama na kuinuka. Wakawa wanainama pamoja, huku na kule, wote wawili wamefumba macho. Dada mmoja aliyekuwa anapita na beseni la ndizi alisimama, akaniuliza kama wale watu ni wazima.

Kijana akafumbua macho. Alichukua bisibisi, akafungua plastiki ya mlango wa abiria, kisha wa dereva, mpaka spika zote mbili zikawa wazi. Akatoa betri kwenye rimoti yake ya redio, akagusisha nyaya za spika ya upande wa dereva. Lile duara jeusi la katikati likasukumwa nje kidogo. Akaenda upande wa pili, akagusisha vilevile. La upande ule likaingia ndani.

Akapiga kelele ya furaha kama ameona goli. "Zinagombana! Bosi, njoo uone! Hii inasukuma, hii inavuta. Sauti iliyo katikati, kama hii ya alto, ikitoka pande zote mbili na kukutana hapa kwenye kiti, zinauana!"

Mtu fulani, zamani, alipofunga zile spika aligeuza nyaya za mlango mmoja. Sauti za watu zikawa zinapungua, na aliyekuwa na gari akaona dawa ni kuongeza besi, nami nikapokea ugonjwa ule nikauita utamu. Fundi akazigeuza nyaya. Ndani ya mlango tukakuta pia kitana, nati mbili na ganda kavu la karanga, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinachezacheza kila ngoma ikipigwa. Akabandika vipande vya blanketi kuukuu nyuma ya plastiki ili isitetemeke, akarudishia.

Kuhusu sabufa, niseme ukweli, niliumia. Fundi alieleza kwamba kwa nyimbo hizi inatosha ndogo ya kukaa chini ya kiti, na ile kubwa kuna mwenye bajaji anaililia. Wakanitazama wote wawili. Tulibadilishana. Nilisaidia mwenyewe kuibeba, nikaishusha kibandani taratibu.

Ndipo kazi tamu ikaanza. Mke wangu kwenye kiti, fundi na kidole kwenye redio, mimi nimeinama dirishani. Anapandisha kidogo, mke wangu anaimba na rekodi, anatikisa kichwa. Anashusha kidogo. "Bado. Hapo tumekuwa wakali." Anarudisha. Fundi ni Mwislamu, nyimbo za kanisani hakuzijua hata moja, lakini kwa kurudiarudia akawa anavumisha alto yote bila maneno, na hakosei. Mwisho mke wangu akainua mkono.

"Hapo! Hapohapo. Usiguse tena."

Tukasikiliza. Soprano walikuwa juu, tenori na besi kila mmoja mahali pake, na alto katikati, wazi kabisa, kana kwamba wamesimama juu ya dashibodi. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, tukaingia wa tatu. Kwenye ubeti wa pili nikasikia kitu.

"Mbona kuna mtu kaimba maneno ya ubeti wa tatu?"

Fundi akarudisha nyuma. Ni kweli. Wote wanasema hivi, na sauti moja ya alto, kwa kujiamini kabisa, inasema vile. Mke wangu akajifunika mdomo kwa viganja.

"Ni mimi," akasema. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti, kijana naye akacheka ameshikilia mlango, mimi nikashindwa kusimama. Alipopata pumzi akasema, "Fundi, rudisha besi! Rudisha haraka!"

Hatukuirudisha. Jumapili iliyofuata alto waliingia garini kwa zamu, wamebanana, na kila kundi likitoka lilikuwa linashangilia. Yule mama wa dagaa alikaa mbele, akakataa kushuka mpaka nyimbo zikaisha. Wanaume wa besi waliniuliza nani kawaibia.

Baada ya kuvuna mpunga tukaenda kwa mama mkwe wangu, Mpimbwe. Tulipovuka Sitalike na kuingia hifadhini tukapandisha vioo vyote, maana mbung'o wa pale hawana salamu. Joto likatukamata, jasho likatiririka, lakini na upepo ukanyamaza. Sikuwahi kuzisikia nyimbo zile namna ile. Miaka yote nilikuwa namwona mke wangu anaimba, nimekaa benchi la nyuma na watoto, nasikia kwaya. Sasa nilikuwa namsikia yeye. Niliendesha polepole bila sababu. Nyati walikuwa kando ya barabara na hatukuwazungumzia. Nilimgusa mkono, akaniambia nitazame mbele.

Mama mkwe alitupokea uwanjani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Hebu nionyeshe kwanza huo wimbo mlioniambia kwenye simu, chai itakuja." Akakung'uta vumbi miguuni, akapanda kiti cha mbele, mke wangu akaenda nyuma. Haikuchukua hata nusu ya wimbo.

"Huyu ni wewe."

"Umenijuaje mama, na tuko wengi?"

"Unavuta neno kama marehemu bibi yako."

Akawa anapiga goti kwa kidole. Halafu akaniamuru nishushe vioo vyote na niendeshe taratibu mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikaa wima, anapungia kila anayepita. Kwenye mashine kulikuwa na akina mama wengi na ndoo zao, na kelele zilikuwa nyingi mno. Mama mkwe akashuka, akaenda kuongea na mwenye mashine, na yule bwana, sijui aliambiwa nini, akazima injini.

Akina mama wakasogea kwenye milango. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio, na mke wangu, kwa furaha, akaanza kuimba pamoja na rekodi kutoka kiti cha nyuma.

Mama yake akageuka. "Hebu nyamaza wewe," akamwambia. "Tunakusikiliza."